Tumbaku Iliyorudishwa

Bahasha ilirudi Alhamisi, saa nane mchana, na tumbaku yake ndani.

Raelene Mandamin hakuifungua nyumbani. Aliibeba mpaka ufukweni, pale mitumbwi inapovutwa nchi kavu, akaipasua juu ya boneti ya pikapu ya Delmer Kejick. Delmer alikuwa amepiga magoti akitandaza mpunga wa ziwani, ule unaojiotea majini, kwenye turubai ili ukauke. Hakuinua kichwa, lakini alijua ni nani. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mgane wa miezi kumi na minne, na bado aliposikia viatu vile kwenye kokoto moyo ulimwenda mbio hadi akajionea haya.

"Soma," alisema Raelene.

"Mimi na karatasi unatujua."

"Hii utaimaliza. Ni neno moja."

Delmer alijifuta mikono kwenye suruali, akainuka. Karatasi ilikuwa ya chuo kikuu, ina nembo ya kung'aa juu, na swali limechapwa kwa herufi nene: Je, jamii inamtambua mwombaji kuwa mtu wake? Chini ya swali palikuwa na mistari sita mitupu ya kujazwa na diwani wa elimu. Diwani huyo, Bernadette Skead, hakuihitaji yote sita. Alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu, kwa mkono uliotulia: Simjui.

Na ndani ya bahasha ileile, kifurushi cha tumbaku alichopelekewa pamoja na ombi. Kitambaa chake chekundu hakikufunguliwa hata fundo.

Hapo ndipo Delmer alipokunja uso. Pale Shingwak, kijiji chao cha watu wa asili, mkubwa akiombwa jambo hupewa tumbaku kwanza. Akiipokea, amekubali. Asipotaka, huikataa kwa upole, uso kwa uso, na sababu anaitaja. Kuirudisha kwa bahasha kama bili ya umeme, hilo hakuwahi kuliona tangu azaliwe.

"Mwisho ni kesho saa sita mchana," alisema Raelene. Sauti yake ilikuwa kavu. "Baada ya hapo jina langu linatupwa. Masomo ya miaka miwili, Delmer. Ada, pango, mafuta ya boti ya kupimia maji ya ziwa letu wenyewe. Ufadhili ni wa watu wa asili tu, halafu mimi wananiambia nithibitishe."

"Kadi ya serikali si unayo?"

"Kadi haitoshi siku hizi. Mwaka jana kuna mtu alijitungia bibi wa asili, akala fedha za chuo, magazeti yakawacheka. Sasa wameongeza kurasa nne."

"Wadanganywe wao, tuadhibiwe sisi." Delmer alitema mate kando. "Wakubwa ndivyo walivyo. Wakijikwaa, wanampiga aliye karibu."

Upepo wa ziwani ulimpeperushia Raelene nywele mdomoni, naye hakuzitoa. Delmer alitamani kuzitoa yeye. Jumamosi iliyopita angethubutu. Jumamosi walikuwa wawili tu mtumbwini, yeye amesimama nyuma na upondo, Raelene ameketi mbele yake akiinamisha mabua na kuyapiga kwa vijiti, punje zikimwagika miguuni pao. Kila alipogeuka kumtazama, ndevu za mpunga zimemjaa kwenye nyusi, Delmer alisahau kwamba kuna kitu duniani kinaitwa msiba. Leo macho yaleyale yalimtazama kama dirisha la ofisi.

"Mwezi wa sita mama huyu alinipa mkate wa kukaanga, akaniambia nimekonda," alisema Raelene. "Wiki iliyopita alinipungia mkono dukani. Leo hanijui. Nimemfanya nini?"

Delmer alijua. Alijua tangu alipolisoma lile neno. Lakini badala ya kusema, alichukua funguo.

"Panda."

"Usiende na hasira, Delmer."

"Sina kingine cha kwenda nacho."

Njiani aliongea peke yake. Alimwongelea Diwani Skead na baraza lake lote, na meza yao ndefu, na safari zao za mjini za kwenda kukutana na wakubwa wenzao. Aliiongelea zahanati yenye muuguzi mmoja. Aliiongelea ile asubuhi ya Julai ambayo mkewe Yvonne alishika kifua akiwa anaosha vyombo, na ambulensi ya mjini ikatumia saa mbili kufika, na baraza, lililokuwa na barua ya kuomba muuguzi wa pili, barua ya miaka mitatu, likaleta maua. Bernadette Skead alikuwa diwani wakati huo. Bernadette Skead alikuwa pia mama yake Yvonne. Mtu unamlaumu vipi mfiwa mwenzako? Delmer alikuwa amejifunza namna. Alimlaumu diwani, akamwachia Mungu mama.

"Unamkasirikia kwa ajili yangu," aliuliza Raelene, "au kwa ajili yako?"

"Vyote."

"Mimi nataka saini tu."

"Ukishaipata, utaondoka."

Raelene aligeuza uso taratibu. "Siku nne kwa wiki. Tulishaongea."

"Wanaanza na siku nne."

"Nani? Nani wanaanza, Delmer? Mimi ndiye ninayekwenda, si wao." Akatazama nje. "Watu wa serikali walinichukua nikiwa na miaka miwili, wakanipa wageni wanilee, hawakuniuliza. Hii ni mara ya kwanza naondoka hapa kwa miguu yangu, na wewe unaninunia."

Shingoni mwa Raelene, chini ya sikio, palikuwa na alama ndogo nyekundu iliyoachwa na ndevu za mpunga. Delmer aliiangalia mara mbili, akakosa kona ya kwa Skead, ikabidi arudi nyuma.

Bernadette alikuwa uani, amesimama mbele ya sufuria kubwa la chuma juu ya moto wa kuni, anakaanga mpunga kwa kasia fupi la mwerezi. Mwanamke mwembamba wa miaka sitini na tatu, amefunga nywele, aproni juu ya koti. Moshi ulikuwa unampitia usoni naye hapepesi. Aliwaona wanashuka, akaendelea kugeuza.

"Mkikaa upande huo mtanuka moshi," alisema. "Na siwezi kuacha sufuria, mpunga utaungua. Kwa hiyo mwenye kugomba agombe huku nakoroga."

"Habari za mchana, Diwani," alisema Delmer.

Kasia lilisita kidogo, likaendelea. "Leo mimi ni diwani. Miaka tisa nilikuwa Mama."

"Mama angemjua huyu. Diwani ndiye hamjui." Akainua karatasi. "Huyu si Raelene, mjukuu wa marehemu Flossie Mandamin, nyumba ya pili kutoka hapa? Huyu si ndiye aliyekubebea maji wakati bomba lenu limeganda? Umeandika nini hapa?"

"Nimeandika Kiingereza. Kasome."

"Mama Bernadette," Raelene aliingilia. "Kama nimekukosea, niambie. Chuo kinataka jibu kesho. Wakiona neno hilo, si kwamba nitakosa fedha tu. Wataniweka pamoja na yule mwongo wa mwaka jana. Jina langu litakuwa hilo."

Bernadette alimtazama kwa mara ya kwanza. "Umelelewa wapi wewe, mwanangu?"

"Mjini Brandon. Unajua."

"Kwa hiyo hukufundishwa. Sawa. Basi muulize huyu aliyefundishwa." Akanyoosha kidevu kuelekea kwa Delmer. "Muulize vijiti ulivyopigia mpunga Jumamosi ni vya nani."

Raelene alimgeukia Delmer. "Uliniambia ni vya mjomba wako."

Delmer alitazama moto.

"Baba yake Yvonne alivichonga," alisema Bernadette. "Kimoja ni chepesi kuliko kingine, kwa sababu mtoto alikuwa na mkono wa kushoto dhaifu. Vina mlio wao. Nilikuwa kule kwenye mwamba, natafuta bakuli moja tu la mpunga wa kwanza, nikasikia binti yangu anapiga mpunga. Binti yangu. Nikakimbia, mtu mzima mimi, nikakimbia kwenye mawe, kuangalia. Nikakuona wewe."

Mpunga ulilialia kwenye chuma.

"Bado sijamaliza. Muulize amelishwa?"

"Kulishwa nini?" Raelene aliuliza.

"Mfiwa hagusi cha kwanza cha msimu mpaka upande wa marehemu umlishe kwa mkono," alisema Bernadette. "Sukari ya utomvu wa mti nilimlisha mimi. Samaki wa kwanza nilimlisha mimi. Matunda ya buluberi, mimi. Ulibaki mpunga. Akishalishwa mpunga, amefunguliwa, akaoe hata kesho, sina neno. Yeye akaenda kuuvuna mwenyewe, mbele ya watu, na mwanamke mwingine kwenye nafasi ya mke wake."

"Karamu ilikuwa iwe Julai," alisema Delmer, na sasa sauti ilipanda. "Mwaka mmoja, ndivyo ilivyo. Julai ukasema Chifu yuko safarini. Agosti ukasema uchaguzi. Halafu ukasema paa la ukumbi linavuja. Paa lile linavuja tangu nizaliwe. Ulitaka nikae nimefungwa mpaka lini? Mpaka baraza likae kikao?"

"Jumapili."

"Nini?"

"Jumapili ningekulisha. Lile bakuli nililokuwa natafuta kwenye mwamba lilikuwa lako. Siku moja, Delmer. Ulishindwa kungoja siku moja."

Delmer alijikaza kama anayengoja kofi. Lakini aliyemshika shati hakuwa Bernadette. Alikuwa Raelene. Alimshika kifuani kwa ngumi mbili kama anataka kumtikisa, kisha akaachia kwa nguvu hadi Delmer akarudi hatua moja.

"Ulijua," alisema. "Ulijua yote haya."

"Rae, nilikuwa nimechoka kungoja. Nilikuwa nakutaka wewe mtumbwini, si mtu mwingine."

"Ungekuwa unanitaka mimi ungeniambia. Ulitaka kumkomoa yeye, ukanitumia mimi kama fimbo." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Miaka saba nimerudi hapa. Najifunza kila kitu ukubwani, kama mtoto. Naogopa hata kukaa kwenye kiti, labda ni cha mtu. Kuna watu huko mjini wananiuliza kama mimi ni wa hapa kweli. Na wewe, wiki ileile, unanipeleka ziwani nikafanye jambo ambalo ni mgeni tu angelifanya. Wewe ndiye umeandika lile neno, Delmer. Huyu mama alitia wino tu."

Delmer hakuwahi kuambiwa neno lililompata namna ile, hata siku ya mazishi.

Raelene alikwenda kwenye pikapu. Akapekua nyuma ya kiti, akarudi na vile vijiti viwili, vyeusi kwenye mishikio kwa jasho la miaka. Alivilaza kwenye benchi karibu na Bernadette, taratibu, akaweka kile kifurushi cha tumbaku juu yake. Karatasi ya chuo aliikunja na kuitia mfukoni.

"Sikuombi saini tena," alisema. "Ile iache. Hii tumbaku ni ya kuomba radhi. Sikujua, lakini mikono ilikuwa yangu. Na nikishamaliza kuomba radhi nitasema jambo moja, unisamehe kama ni utovu wa adabu." Akavuta pumzi. "Nani angenifundisha, Mama? Nyinyi mnanikasirikia kwamba sijui. Siku gari lilipokuja kunichukua, nyumba hizi zote zilikuwa na watu. Walikuwa wapi?"

Kasia likasimama.

Mpunga ulianza kunuka. Delmer alipiga hatua, akalichukua kasia mkononi mwa mama mkwe wake, naye akaliachia bila kupinga. Akakoroga yeye.

"Nilikuwa hapo," alisema Bernadette. Alionyesha dirisha la jikoni. "Hapo. Nilikuwa nimemsukuma Yvonne chini ya kitanda, ana miaka minane, nimemwambia akikohoa tu nitampiga. Lilikuwa gari la kijivu. Waliingia kwa Flossie. Nikakusikia wewe. Ulilia mpaka gari likapita daraja. Na mimi nikamshukuru Mungu kwamba walisimama kwa Flossie na si kwangu." Alikaa kwenye benchi, kando ya vijiti. "Nikagombea udiwani kwa sababu ya siku hiyo. Nikasema sitakubali tena. Halafu nikakaa kwenye meza ile, nikaandika barua, barua, barua. Muuguzi hakuja. Na Yvonne nilimficha bure."

"Si bure, Mama," alisema Delmer. Neno lilimtoka lenyewe.

"Wewe koroga."

Akakoroga.

"Mnajua kwa nini karamu sikuifanya," alisema Bernadette, macho kwenye moto. "Siku nitakapokulisha ule mpunga, Delmer, hatabaki mtu mwingine hapa duniani anayeitwa wa Yvonne. Nitabaki peke yangu. Nilikuwa nasogeza siku. Moja, na nyingine. Nikasema hii ya Jumapili sitaihamisha. Nanyi mkaniwahi."

Alivichukua vijiti, akaviweka mapajani. Kisha akachukua kile kifurushi chekundu. Alikigeuza mara mbili tatu kama anakipima. Raelene alikuwa amejikumbatia, anatazama chini. Hakuona mama yule anakitia kwenye mfuko wa aproni. Delmer aliona.

Bernadette aliingia ndani. Alirudi na bakuli la bati na kijiko. Wali wa ziwani ulikuwa mweusi, umeshikana kwa baridi ya friji.

"Ni wa Jumamosi," alisema. "Nilipika kabla hasira haijanifika vizuri. Umelala siku tano, na ukumbi hakuna, na wageni hakuna, na wewe hustahili. Piga magoti, mimi siwezi kukufikia."

Delmer alimpa Raelene kasia, akapiga magoti kwenye majivu. Bernadette alitaja jina la binti yake kwa lugha yao, lile la kwanza kabisa, la sherehe, akajaza kijiko na kukisukuma mdomoni mwa Delmer kwa nguvu hadi kikagonga meno.

"Tafuna. Usilambe kama mgonjwa."

Alitafuna. Wali ulikuwa wa baridi na ladha ya ziwa na moshi, na machozi yakamtoka yenyewe. Mara ya pili. Mara ya tatu. Mara ya nne kijiko kiliyumba, wali ukamwangukia Delmer kifuani, na yule mama akauokota kwa vidole, akamlisha hivyohivyo.

"Basi," alisema. "Nenda."

Delmer alibaki pale pale magotini. Bernadette alimwekea kiganja kichwani, kidogo tu, kisha akamsukuma.

"Nimesema nenda. Wewe msichana, lete karatasi. Na ukoroge mpaka chini, huo wa pembeni unaungua."

Aliiandikia kwenye benchi, miwani ikiteleza puani. Neno la kwanza alilikata kwa mstari mmoja. Aliandika mistari yote sita, akaona haitoshi, akaendelea pembeni, akazungusha mpaka juu, karibu na nembo inayong'aa. Kisha saini, na muhuri wa baraza alioutoa jikoni, kwenye kopo la vifungo.

"Piga picha uwatumie sasa hivi," alisema. "Kabla sijabadili mawazo."

Raelene alisimama kando ya pikapu, akaisoma kwa sauti, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti ilivyomkauka:

"Namjua. Siku alipochukuliwa nilimsikia akilia mpaka darajani, na ninamsikia hadi leo. Hamkuuliza wakati huo jamii inamtambua nani. Mnauliza sasa. Bibi yake ni Flossie. Anakaanga mpunga vibaya. Wiki hii amenikosea kosa kubwa, na nimemkasirikia hadi nikakosa usingizi. Mgeni hatumkasirikii hivi. Mgeni tunampa chai. Mpeni fedha yake."

Simu ilitoa mlio mdogo. Imekwenda. Saa kumi kasoro robo, Alhamisi.

Delmer alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, majivu magotini, punje ya wali bado imeganda kwenye shati. Hakujua pa kuweka mikono. Alitaka kusema kwamba atamsubiri siku zote nne za kila wiki, kwamba atapanda basi, kwamba hata kusoma atajaribu. Alisema moja tu.

"Nilikuficha jambo. Sitafanya tena."

Raelene alimtazama. Jicho lilikuwa jekundu, la moshi au la kilio. Halikuwa tena dirisha la ofisi.

"Mimi bado nimekasirika," alisema.

"Sana?"

"Sana." Alifungua mlango wa pikapu, akapanda, akaukung'uta mkeka wa miguuni. "Kama mtu wa hapa. Endesha."